Nyumba ya Nyasi na Maiki ya Misibani

Kofi moja, kavu, halafu kimya. Halafu kofi la pili, mbali kidogo. Nilikuwa nimesimama kwenye korido ya kituo chetu cha redio hapa Tukuyu, siku yangu ya kwanza kazini, umeme umekatika, sioni hata kucha zangu, na mbele yangu kuna mtu anapigwa makofi wala halii. Nikaanza kurudi nyuma. Baba yangu alikuwa muuza vitenge wa Bulyaga, na alinilea nikijua kwamba penye ugomvi wa watu usiowajua, mtu mwenye akili hukumbuka ghafla kuwa ameacha chungu jikoni.

"Ingia, usiogope," sauti ikasema gizani. "Nakipima chumba."

Huyo alikuwa Mzee Ambakisye, fundi mitambo mkuu wa kituo, ingawa hapakuwa na fundi mitambo mwingine wa kumfanya awe mkuu. Alikuwa anapiga makofi na kusikiliza yanavyorudi. Kofi likirudi na mkia, alisema, chumba ni kibaya. Likifa palepale lilipozaliwa, chumba ni kizuri. Akaniambia nipige na mimi. Nikapiga. Akauliza nimesikia nini. Nikasema nimesikia kofi. Alicheka mpaka umeme ukarudi.

Nawaandikia haya ninyi mliobaki kituoni, na ninyi mnaorekodi vipindi vyenu nyumbani siku hizi, ambao tangu nistaafu mnanitumia ujumbe uleule kila wiki: "Mama Mwanaidi, shikamoo, ninunue maiki gani?" Shikamoo zenu nimezipokea zote. Swali ndilo nimekuwa nikilikwepa, kwa sababu jibu lake ni refu na lina mvua ndani yake.

Kituo kilikuwa na maiki mbili. Ya kwanza ilikaa ndani ya sanduku lenye kitambaa laini, inang'aa, haitoki studio, na Mzee Ambakisye aliiita Bibi Harusi. Ilikuwa kondensa, aina ile inayohitaji kulishwa umeme wake ndipo isikie, na ikishakula inasikia kila kitu: saa ya ukutani, tumbo la mtangazaji aliyekunywa chai bila kitafunwa, mbwa wa mtaa wa pili. Ya pili ilikuwa dainamiki, nyeusi, imebonyea upande mmoja, haina sanduku. Hiyo tuliibeba kwenye mikutano, mnadani na hasa misibani, kurekodi wasifu wa marehemu, ndiyo maana sote tuliiita maiki ya misibani. Yenyewe ilikuwa kiziwi mwenye adabu. Ilimsikia anayeisogelea mdomoni, mengine yote iliyaachia wenyewe.

Miezi yangu mitatu ya kwanza sikuruhusiwa kugusa hata moja. Nilivalishwa hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote, nikatumwa kusikiliza. Nisikilize choo. Nisikilize stoo. Nisikilize ofisi ya meneja akiwa hayupo. Niliporudi, Mzee Ambakisye aliniuliza nini kilikuwa kinalia, na nikisema "hakuna kitu" alinirudisha. Siku niliyorudi nikamwambia kwamba taa ya stoo inazomea kama nyuki mgonjwa, alinipa mkono, akaninunulia maandazi mawili, na akala moja. Kwa hiyo, wapenzi, kabla ya maiki tafuteni hedifoni nzuri. Mtu asiyesikia uchafu wa sauti yake ni kama anayefagia amefumba macho. Atachoka, na takataka zitakuwepo.

Na trei za mayai bandueni. Mmoja wenu, simtaji, yuko Isongole, alibandika trei za mayai ukuta mzima, akanitumia picha niisifu. Nilimjibu kwamba nimefurahi, na kuku wamesemaje? Trei za mayai hazizuii kelele. Zinazuia mayai yasivunjike. Mkitaka kuua mwangwi, tundikeni mablanketi, simamisheni godoro, fungueni kabati la nguo msemee humo. Vitu vizito na laini. Nilijifunza hayo dukani kwa baba kabla sijajifunza redio: kati ya majora ya vitenge, hata mteja mwenye hasira alionekana ananong'ona.

Lakini mvua hamtaizuia kwa blanketi. Mnaijua mvua ya kwetu. Haina ratiba, haina aibu, na nyumba zetu zina mabati. Ikishuka, mama anamwita mtoto aliyekaa naye meza moja, na mtoto haitiki. Nilipambana nayo miaka yangu yote ya kazi, na mara moja tu naweza kusema kwamba haikunishinda.

Ilikuwa kwa Mwalimu Tusajigwe wa Ikuti, wakati Mzee Ambakisye ameshastaafu na kurudi kwenye migomba yake, na mimi nimebaki fundi mkuu wa mimi mwenyewe. Mwalimu alikuwa na binti wa miaka kumi, Bupe, asiyeona, anayesoma shule ya bweni mkoa mwingine. Shule hiyo ilikuwa ikipokea vitabu vya kusikiliza kutoka shirika moja, na shirika lilikuwa linatafuta wasomaji. Tusajigwe akaomba. Akipita, atasoma kitabu kizima cha hadithi cha darasa la nne, na Bupe, huko mbali aliko, atakaa darasani na wenzake amsikilize mama yake. Walikuwa wamemkataa mara mbili. Barua zote mbili zilisema kitu kimoja: sauti nzuri, chumba kibaya. Sasa walimpa nafasi ya tatu na ya mwisho. Dakika kumi safi, ziwafikie kabla ya Ijumaa jioni. Kurekodia studio kwetu hakukufaa, maana kitabu ni kazi ya miezi, na walitaka kusikia chumba chake mwenyewe, si cha kuazima.

Alinifuata kituoni Jumatano na simu yake mkononi. Nikasikiliza ile rekodi ya pili. Nilimsikia yeye, nikasikia jogoo, nikasikia jogoo wa pili akimpinga wa kwanza, nikasikia lori la majani ya chai likipanda mlima kwa uchungu.

"Umerekodi kijiji kizima, mwalimu," nikamwambia. "Wewe umekuwa mgeni mwalikwa."

"Lakini maiki ni nzuri, mama. Mume wangu kaileta kutoka Dar es Salaam."

Nikaenda naye Ikuti kwa bodaboda. Maiki ilikuwa nzuri kweli, kondensa, dada mdogo wa Bibi Harusi yetu, na hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Sebule ilikuwa na sakafu ya sementi, madirisha ya vioo, na juu mabati matupu bila silingibodi. Nikapiga kofi. Lilirudi na ukoo wake wote. Tukatundika mablanketi, tukasimamisha godoro, tukamfukuza jogoo, na tulipokaa tu, mvua ikaja ikatukalia kichwani. Tusajigwe aliweka kitabu chini. Hata angesema kitu nisingemsikia.

Ndipo nilipoiona, kupitia dirishani, nyuma ya migomba, kama hatua arobaini: nyumba ndogo ya zamani ya ukuta wa udongo, iliyoezekwa kwa nyasi. Nikajifunika mfuko wa nailoni kichwani, nikakimbia, nikasimama mlangoni pake nikapiga kofi moja. Likafa palepale.

"Hilo kofi unabisha hodi, au unanipiga?" mtu akauliza kutoka ndani.

"Ugonile, tata," nikamwamkia kwa Kinyakyusa. "Nabisha hodi."

"Ndaga. Ingia. Wewe si yule mwanamke wa ledio? Ninyi ndio mliosema leo hakuna mvua."

"Huyo ni mwingine, tata. Mimi nashika nyaya tu."

"Basi kamwambie."

Ilikuwa nyumba ya Mzee Asajile, baba mkwe wa Tusajigwe, mgane, aliyekataa mabati kwa miaka yote akisema hataki mvua imnyeshee ndani ya kichwa. Magunia ya mahindi yalisimama ukutani, ya maharage yakilala mbele yake. Nje mvua ilikuwa inayavunja mabati ya mkwewe. Mle ndani ilikuwa inanong'ona kama watu waliochelewa kuingia kanisani. Nilitaka kulia. Nimejenga studio tatu maishani mwangu, na hakuna hata moja iliyofikia chumba kile alichokijenga mtu kwa ubishi tu.

Nikarudi mbio kumpa Tusajigwe habari njema. Alinitazama kana kwamba nimemwambia akarekodie juu ya mti.

"Kwa babu yake Bupe? Mama, hapana. Niingie mle kwa miguu yangu?"

"Ulitaka uingie kwa miguu ya nani?"

Nilikuwa nimesahau. Nimezaliwa Tukuyu, naijua mila hii, lakini kwetu Waislamu wa Bulyaga haikuingia ndani, na furaha ya fundi ina upofu wake. Wazee wa huku wanaiita *ukutila*: mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Wakikutana njiani, mwanamke anakwepa, anaingia kwenye migomba, anageuza uso. Vijana wengi wameiacha. Tusajigwe hakuiacha, kwa kuwa mzee hakuiacha, na kila mmoja alikuwa anamheshimu mwenzake. Miaka kumi na saba wameishi hatua arobaini, hajawahi kumtazama usoni. Akisikia fimbo yake, ananyamaza.

Nikawa mshenga. Nilitembea zile hatua arobaini mara sita, nimelowa. Mwisho tukakubaliana hivi: kesho mchana mzee atakwenda kwa jirani. Mkwewe ataingia kwa mlango wa nyuma, na kiti chake mwenyewe, asiguse kitu cha mzee. Kitanda nitakifunika mimi kwa khanga yangu, kisionekane.

"Khanga ina maneno gani?" mzee akauliza.

Nikamsomea.

"Hayo sawa," akasema.

Alhamisi tulikuwa tayari. Nilikuwa nimemfungia jogoo, nimemwomba jirani afunge redio yake, na naijua saa ya lori la chai. Tusajigwe akaketi kati ya magunia, hedifoni masikioni, na mimi nimevaa zangu, nimeupa mgongo mlango wa mbele nikitazama kinasa sauti. Alisoma hadithi ya msichana anayetakiwa kuvuka mto uliojaa. Jamani, alisoma. Nimewarekodi maaskofu na wakuu wa wilaya, na hakuna aliyewahi kunifanya nisahau kutazama mshale wa kupimia sauti. Alikuwa amefika dakika ya nane, msichana ana mguu mmoja majini, nilipomwona anakodoa macho nyuma yangu.

Nikageuka. Mzee Asajile alikuwa amesimama katikati ya nyumba yake.

Tusajigwe hakupiga kelele. Alitoweka. Kitenge kichwani, mwili nyuma ya magunia, na waya wa hedifoni ukaondoka naye, na waya ukavuta stendi, na maiki ya Dar es Salaam ikaanguka kifudifudi kwenye jiwe la kusagia. Mimi fundi mkuu nilikuwa nimezuia jogoo, redio ya jirani na lori la chai. Baba mkwe sikumzuia.

Mzee alikuwa tayari amegeukia ukuta.

"Mwambie anisamehe," akauambia ukuta.

"Mwambie anisamehe mimi," gunia la maharage likajibu.

"Mwambie yeye hana kosa."

"Mwambie na yeye hana."

Nikawa mkalimani kati ya watu wawili wenye lugha moja, waliotengana kwa hatua tatu, na kila mmoja akisubiri nirudie alichokwisha kukisikia. Nilirudia. Kazi ni kazi. Kisha Tusajigwe akatoka kwa mlango wa nyuma, kitenge kikiwa bado usoni, akijigonga kwenye fremu.

Nilikasirika sana, wapenzi, na nilikuwa na haki. "Tata, ulisema utakuwa kwa jirani."

"Nilikuwa hapo nje ukutani," akasema. "Halafu ng'ombe akaanza kulia, nikawa sisikii. Nilitaka kujua kama yule mtoto amevuka mto."

"Ndiyo ukaingia?"

"Nilisahau." Alikaa juu ya gunia, fimbo kati ya magoti. "Miaka kumi na saba nimesikia anavyonyamaza, nakujua kunyamaza kwake kote. Sauti yake nimeisikia leo."

Nikainama nikaiokota maiki. Ilitoa mlio wa punje ndani ya kibuyu.

"Nimeiua?"

"Umeiua, tata."

"Na mjukuu wangu?"

"Kesho ndiyo mwisho," nikasema.

Ijumaa nilifika na maiki ya misibani ndani ya kikapu, chini ya vitunguu, maana sikuwa nimemwambia meneja kwamba naitoa. Tusajigwe aliitazama ilivyobonyea.

"Hii, mama? Hii imezika nusu ya wilaya."

"Basi imezoea watu wasiopiga kelele."

Sasa nitawajibu swali lenu, niwe nimemaliza deni la shikamoo. Kama chumba chako ni kizuri kweli, nunua kondensa, ufurahie. Kama una mabati, jogoo, jirani na ukoo, chukua dainamiki, usione aibu. Iweke vidole vinne kutoka mdomoni, pembeni kidogo, ili pumzi ipite kando. Herufi p na b ndizo zinazopuliza, na Mwalimu Tusajigwe alikuwa amempa binti yake jina lenye zote mbili. Kitabu kilianza kwa yeye kusema kwamba anawasomea watoto wote, na Bupe. Kila alipofika hapo, hedifoni zangu zilipigwa ngumi. Sponji hatukuwa nayo. Akaenda chumbani akarudi na soksi nyeupe ya shule, safi, aliyoiacha binti likizo. Tukaivalisha maiki. Tukajaribu pale sebuleni: ngumi ikawa pumzi. Ilikuwa maiki mbaya kuliko zote Tanzania, imevaa soksi, na ndiyo iliyofaa.

Na rekodi ilikubaliwa. Nawaambia mapema, maana nawajua mnavyoruka mistari kutafuta mwisho. Kitabu kizima kilisomwa mle mle, Bupe alikisikia, na hivi ninavyoandika mama yake yuko kwenye cha pili. Lakini mchana ule hatukuyajua hayo. Tulijua tu kwamba saa nane imepita, mtandao wa Ikuti huondoka jioni pamoja na jua, na kwamba tulipokuwa tukihamisha vyombo kwenda nyumba ya nyasi, mvua ilishuka.

Si ile ya Jumatano. Hii ilikuwa mama yake. Tusajigwe alikuwa amesimama upande wa nyuma, chini ya upenu, na kiti chake kichwani, akisubiri mzee atoke kwa mbele. Mzee alikuwa ndani, na mwenye umri wake hatoki kwenye mvua kama ile labda nyumba iwe inaungua.

"Mama," akaniita kupitia mlango wa nyuma, kwa sauti ya chini. "Mwambie abaki. Asilowe kwa ajili yangu. Nitawaandikia kwamba nimeshindwa."

"Mwalimu, tungoje kidogo."

"Ana kifua, mama. Mwambie tu abaki. Bupe ataelewa."

Nikageuka nimfikishie. Hapakuwa na haja, kama kawaida. Mzee alikuwa ameshavaa makoti mawili, moja juu ya jingine. Alivaa kofia. Akakichukua kigoda kilichokuwa karibu na moto, akakifuta vumbi, akakitia kwapani.

"Unakwenda wapi, tata?"

"Kwa jirani."

"Na kigoda? Kwa jirani hakuna viti?"

"Vipo. Vibovu."

"Upenu wa mbele unavuja," nikamwambia. "Kaa nje huku upande wa magunia, ndiko pakavu."

Alinitazama kwa hasira ya mtu aliyeshikwa, kisha akaangalia ukuta wa magunia kana kwamba anaupima. "Mwambie asome kwa sauti," akasema. "Ukuta huu nilijenga mnene."

"Tata, utakohoa."

"Nitakohoa kesho."

Akatoka. Kwa mkono mmoja aliunyanyua mlango kidogo ili bawaba zisilie, na akaufunga nyuma yake.